Dada Zuhura na Mechi Iliyobaki

Enzi zetu pale Ng'ambo, Tabora, mchezo ulianza vyombo vya mchana vikishaoshwa. Wavulana walikuwa na mpira wao wa makaratasi. Sisi wasichana tulimfuata dada yangu Zuhura kwenye uwanja wa tenisi ulioachwa na watu wa reli, simiti imepasuka, wavu hakuna. Tulitundika kanga kuukuu kwenye kamba ya katani. Raketi zilikuwa vibao vya mninga kutoka karakana ya baba, fundi seremala. Tulirudi magoti yamechunika, midomo imekuwa ya zambarau kwa matunda tuliyochuma njiani, tukala ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyoungwa karanga, bila kuulizana nani hapendi nini. Watoto wa siku hizi wakiona mboga ya majani wanauliza kama kuna chipsi.

Mwalimu wa michezo alipokuja kumwombea Zuhura ruhusa ya kwenda kufundishwa Dar es Salaam, baba alimgeukia binti yake.

“Mpira huo utakulisha?”

“Sijui, baba. Lakini nisipoenda nitakuuliza kila siku ningefika wapi.”

Wiki hiyo baba alimtengenezea sanduku la safari.

Zuhura alicheza Nairobi, Kairo, kisha Ulaya, kwenye mashindano madogo ambayo watazamaji wake ni wachezaji walioshindwa asubuhi. Kila alikojiandikisha aliulizwa nchi yake iko wapi. Wenzake walikuja na makocha. Yeye alijifulia jezi kwenye sinki na kujifunga goti mwenyewe. Mara moja tu alibakiza mechi moja aingie mashindano makubwa. Alikuwa akiongoza, goti likamsaliti. Akapiga simu nyumbani.

“Nimeshindwa, mama.”

“Umekula?”

“Bado.”

“Kula kwanza, ndipo ulie.”

Alicheza miaka mingine kadhaa, kisha akarudi kwa treni, akichechemea kidogo. Majirani walitarajia angerudi na gari lake. Sasa anauza asali sokoni, na nikimuuliza kama anajuta, ananiambia nishike vizuri chupa.

Zamani mtaa mzima ulijua Zuhura yuko nchi gani. Leo binti wa jirani anawajua mabingwa wa dunia kwa majina, na wanavyoshika raketi. Juzi alisimama kwenye meza ya asali, mechi inaendelea kwenye simu yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nani anaongoza?”

Binti akamwambia, akaanza kumweleza taratibu jinsi tenisi inavyochezwa. Zuhura akamsikiliza mpaka mwisho.