Orpah na Ukurasa Mweupe

Orpah Bitutu alikuwa na miaka kumi na sita alipoiona kompyuta mara ya kwanza. Ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule yao kule Manga, zawadi ya wageni, imefunikwa kitambaa. Kila Ijumaa Orpah aliipangusa vumbi.

"Ukiiharibu, utarudi kwenu na sanduku lako," mwalimu alimwonya.

Alimaliza kidato cha nne bila kuiona ikiwaka.

Mwaka 1998 alikuwa mpiga taipureta katika duka la uchapishaji la Mzee Kantilal mjini Kisii. Vidole vyake vilikimbia kama mvua juu ya mabati. Lakini kompyuta ilipoletwa, alisogeza kiti chake mbali nayo. Aliyeitumia ni Shital, binti wa Kantilal, ambaye nyumbani kwao ilikuwepo tangu akiwa msichana mdogo.

Siku moja Shital akiwa Kisumu, aliingia Nehemiah Obwocha wa Keumbu. Mazishi ya mama yake yalikuwa kesho yake, na kwenye programu ya mazishi, ambayo Shital aliiandika kwenye kompyuta, jina la marehemu lilikuwa limekosewa herufi moja. Hakukuwa na mwingine wa kusahihisha. Orpah akaketi, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mara ukurasa wote ukawa mweupe.

Akaukimbilia mkono wa simu, akampigia Shital.

"Nimeiua! Maneno yote yamekwenda!"

Shital alicheka. "Dada Orpah, mimi nikiwa na miaka kumi na minne nilifuta barua zote za baba. Alininunia siku mbili, basi. Haifi hiyo. Shikilia kile kitufe cha pembeni, chini kushoto, kilichoandikwa Ctrl. Usikiachilie. Sasa bonyeza Z."

Maneno yakarudi yote: nyimbo, wajukuu, jina la mama. Orpah alishusha pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga. Mtu anaweza kukosea, kumbe, na asifukuzwe.

Akarekebisha ile herufi. Kisha, kwa makusudi, akaufuta ukurasa mzima.

Nehemiah aliruka kitini. "Dada! Unamfuta mama tena?"

"Tulia, baba. Namrudisha."

Akamrudisha. Akamfuta, akamrudisha tena, hadi Nehemiah mwenyewe, pamoja na msiba wake, akaanza kucheka. Ndipo Orpah akavuta kiti karibu na kuanza kuchapisha.