Nati ya Upande wa Cheni

Niseme ukweli, maana sasa haumdhuru mtu: baiskeli yangu haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiilegeza.

Nilikuwa mjane, nikitoa maharage Kumsenga kuyauza soko la kambi ya wakimbizi ya Nduta. Fundi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mpweke kama mimi, na kibanda chake kilitazamana na meza yangu. Mara ya kwanza cheni ilichomoka kweli. Alilegeza nati zote mbili za gurudumu la nyuma, akalivuta mpaka likakaa katikati ya fremu, kisha akakaza kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa zamu. "Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, gurudumu linakaa upande," akasema. Akaniambia nichuchumae nyuma, nifumbe jicho moja, nione kama cheni imenyooka kutoka meno ya nyuma hadi ya mbele.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, mama."

Niliinama. Mabega yetu yakagusana, na moyo wangu, mjinga ule, ukashtuka.

Basi kila siku ya soko, nikikaribia Nduta, nilishuka, nikatoa spana ya marehemu mume wangu, nikalegeza nati ya kulia, upande wa cheni. Gurudumu linasogea, tairi linakwaruza fremu, nafika nalalamika: "Fundi, hii baiskeli ina shetani!" Yeye anacheka, anainama. Hakuwahi kuuliza.

Kisha nikasikia yumo kwenye orodha ya wanaorudi kwao, mabasi yanaondoka kesho yake asubuhi. Nikapanga: ataninyooshea cheni mara ya mwisho, na tukiwa tumechuchumaa pale nitamwambia abaki. Nilijua njiani kutajaa watu, kwa hiyo alfajiri hiyo nati niliilegeza nyumbani kabisa. Kwa kiherehere changu, spana nikaiacha juu ya kigoda.

Mlima wa kwanza tu, cheni hiyoo, nje! Nikairudisha. Ikatoka tena. Nikaikaza nati kwa vidole, nikaizungushia ncha ya khanga nikakaza. Wapi! Nilijitakia mwenyewe. Nikaikokota ile baiskeli huku nalia kwa hasira, najitukana kwa Kiha kwa sauti, wapita njia wananipisha.

Nilipofika, hata vumbi la mabasi lilikuwa limetulia. Jirani yake wa kibanda akanipa spana ya fundi, imefungwa kwenye kitambaa.

"Amekusubiri mpaka wakamwita mara tatu," akasema. "Kasema nikupe hii, na nikwambie nati ya kulia hailegei yenyewe."

Alijua! Jamani, siku zote alijua, na bado alikuwa anainama.

Siku hizi nainyoosha mwenyewe, kwa spana yake, kulia kidogo, kushoto kidogo. Cheni imenyooka mpaka inaniudhi. Namkumbuka, sitaki kudanganya, namkumbuka sana. Nikienda kuuza soko la Mabamba, kule mpakani, naiona milima ya Burundi pale ng'ambo, na mkono unakwenda wenyewe kwenye ile nati.