Chui wa Gunia la Unga

Harufu ya gome lililopondwa haijanitoka puani mpaka leo. Wiki iliyopita mteja mmoja wa ng'ambo ya mpaka aliingia dukani kwangu hapa Busia na furushi kwapani, na kabla hajalifungua juu ya meza ya kukatia nikajua kilichomo. Ni harufu ya moshi, ya majani yaliyooza na ya udongo uliorowa, zote pamoja. Alitaka nimshonee koti la nguo ya gome. Mimi, mtu ambaye sijawahi kumrudisha mteja hata aliyekuja na turubai, nikamwambia fundi wa kazi hiyo hayupo. Vijana wangu wakaacha kukanyaga cherehani wakanitazama. Fundi wa kazi hiyo ni mimi, na wanajua.

Niacheni nijisifu kidogo ndipo mnielewe. Kutoka Malaba mpaka Sio Port, ukiona bwana harusi amependeza, uliza suti yake ilitoka wapi. Nimevalisha kwaya, nimevalisha madiwani, nimejenga nyumba ya mawe, na shule niliiacha darasa la tatu. Wenye digrii hupanga foleni kwangu niwapunguzie suruali. Lakini ninyi nitawaambia jambo ambalo hata wanangu hawalijui. Kazi yangu ya kwanza iliyokuwa nzuri kweli, ile ambayo sijaipita bado, ilikuwa ngozi ya chui. Ningeweza kurudi nyuma, ningeitia moto kabla haijakauka.

Nilikuwa na miaka kama kumi kwa hesabu ya Mama. Baba alikuwa amekwisha kufa na nyumba ilisimama juu ya watu wawili. Mama alikuwa na cherehani ya mkono. Ndugu yangu mkubwa, Wandera, alikuwa na baiskeli. Siku hizo, kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda, mtu mwenye mzigo alikuwa na mwendo wa kumtoa jasho, basi vijana wakaanza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli huku wakiita, "Boda, boda." Wandera alikuwa miongoni mwa wale wa mwanzo. Nyuma ya baiskeli aliweka mto wa kukalia abiria, na mto huo niliushona mimi. Abiria waliusifu mto kuliko dereva.

Mwaka huo katekista wetu, mzee Barasa, alitaka uchezwe mchezo wa mashahidi, wale vijana wa jumba la mfalme wa kale wa Waganda waliochomwa moto kwa ajili ya dini. Ungechezwa sikukuu yao, mwanzoni mwa mwezi wa sita, kanisani ng'ambo, waumini wa pande zote mbili wakiwa pamoja. Wandera alikuwa mrefu na sauti yake ilijaza nyumba, kwa hiyo alipewa kuwa mfalme. Mama alipewa mavazi, na Mama hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Alitaka kujua mfalme wa enzi zile alivaa nini hasa, kutoka shingoni mpaka chini. Akamtafuta Nalongo.

Nalongo alikuwa Mganda, mama wa mapacha, na ndiyo maana akaitwa hivyo. Alivuka kila siku ya soko akiuza mikeka na nguo za gome, ambazo kwao huitwa lubugo. Akaketi kwenye kigoda chetu akaeleza. Mfalme alivaa kanzu nyeupe yenye nakshi ya rangi ya damu iliyozunguka shingo na kushuka kifuani. Juu yake joho jeusi lenye pindo la dhahabu. Begani ngozi ya chui. Na lubugo, lakini si ile nyekundu ya kila mtu, bali nyeupe, kwa kuwa nyeupe ni ya wakubwa.

Tukaanza kutafuta vitambaa. Mama alikuwa na msemo wake: "Kitambaa kina mdomo. Kisikilize kabla hujakikata." Alikuwa akikivuta karibu na sikio, akikifinya, akikinusa, na mwenye duka akikaa kimya kama anayengoja hukumu. Kwa kanzu alichagua marekani nzito, akaifua mara tatu itoe wanga. Joho lilitoka kwenye kanzu nyeusi iliyochakaa ya padri wa misheni, na mzee Barasa alinung'unika sana kwamba mfalme aliyewachoma waumini atatembea na nguo ya padri. Mama akamjibu kwamba nguo haina dhambi, mwenye dhambi ni anayeivaa. Dhahabu ilikuwa pindo la sari kuukuu ambalo mke wa Mhindi mwenye duka alimpa Mama. Lile pindo lilipogeuzwa juani, kuta zetu za udongo zilimetameta mpaka kuku wakaingia kuangalia.

Ikabaki chui. Ngozi ya kweli tungeipata wapi? Hapo ndipo niliposema, niachieni mimi. Nilichukua gunia la unga, lile la kitambaa, nikalichemsha na manjano. Nikachanganya masizi ya chungu na mafuta ya mbarika. Kisha nikakata bua la jani la mpapai. Mnajua bua la mpapai lina tundu katikati. Nikalichovya kwenye masizi nikagonga gunia, na hapo pakabaki duara safi kabisa, doa la chui. Nikagonga makubwa mgongoni, madogo kwenye miguu, na mkia nikaujaza katani. Nilipomtundika chui wangu kwenye kamba, mbwa wa jirani alibweka mpaka sauti ikamkauka. Akili hiyo sikufundishwa na mtu yeyote.

Jambo la kwanza kunitia ubaridi lilitokea siku ya kupima lubugo. Wandera alikuwa mrefu, Mama hakumfikia mabega, na chaki haikushika vizuri kwenye gome likiwa limening'inia. Mama akalitandika lile gome jeupe sakafuni, akamwambia Wandera alale juu yake chali, mikono ubavuni. Akapiga magoti akawa anamzungushia mstari wa chaki, kutoka kichwani, begani, kiunoni, mpaka miguuni. Mimi nilishika ncha ya kitambaa isijikunje. Nalongo akatokea mlangoni na kapu lake kichwani, akasimama.

"Mama Wandera, huyo ni mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi. Nampima."

Nalongo alishusha kapu polepole. "Kwetu hatumlazi mtu juu ya lubugo, nyabo, mama yangu, ila yule ambaye hataamka."

Wandera akacheka palepale alipolala. "Basi nizikeni, lakini baiskeli asipewe Egesa, atagonga ng'ombe."

Egesa ni mimi. Sisi tulicheka. Nalongo hakucheka. Alimshika Wandera mkono akamwinua, akampangusa chaki mgongoni kama mtu anayempangusa mtoto majivu, akaondoka bila hata kuuza mkeka. Sisi Wasamia hatuziki watu kwa gome. Tungejuaje? Mama aliendelea kukata, lakini niliona mkasi wake ukienda na kusimama, ukienda na kusimama.

Mavazi yalikamilika wiki mbili kabla ya sikukuu. Mama alishona nakshi ile nyekundu kwa mkono, akamalizia pindo la dhahabu kwa sindano nyembamba hata usione uzi ulipopita. Wandera alipovaa vyote na chui wangu begani, mzee Barasa alivua kofia kabla hajakumbuka kwamba ni Wandera tu. Niliwaambia watoto wote wa kijiji kwamba kazi ile ni yangu.

Kisha redio ya dukani ikasema kwamba ng'ambo jumba la mfalme limepigwa na mfalme ametoweka. Huyu hakuwa mfalme wa mchezo. Alikuwa wa kweli, wa wakati wetu. Siku iliyofuata watu walianza kuvuka na magodoro vichwani. Walikuja kimya, na hilo ndilo lililotutisha, maana watu wa mpakani hawapiti mahali bila kelele. Malori ya wanajeshi yakasimama upande wa pili wa kizuizi. Madereva waliosubiri kuvuka walisema kila mzigo unafunguliwa na kila anayeitwa kwa jina la Kiganda anaulizwa mfalme yuko wapi.

Mzee Barasa akaja kusema mchezo hakuna, mwaka huu tutaomba tu. Mama hakungoja amalize chai. Alichukua wembe akaanza kufumua. Dhahabu ikatoka, nakshi ikatoka, joho likarudi kuwa matambara. Lubugo aliisukuma motoni kipande kwa kipande, na ile harufu ikakaa nyumbani siku nyingi. Wandera alimwambia anaogopa bure, lakini Mama alimjibu kwamba mwenye kuvuka mpaka kila siku haweki nguo ya mfalme nyumbani kwake.

"Na chui wako, Egesa," akasema. "Mtie motoni. Nataka nione majivu."

Nilimwonyesha majivu. Yalikuwa ya katani na vipande vya gunia vilivyobaki. Chui mwenyewe nilikuwa nimekwisha kumkunja. Niambieni, ungeweza kuchoma kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kutengeneza? Nilitafuta mahali ambapo Mama hapekui, nikaupata mto wa baiskeli. Nikafumua upande mmoja, nikamsukumia chui ndani katikati ya katani, nikashona kwa mshono wangu mdogo wa kurudi nyuma. Siku tatu nilimwona Wandera akiondoka asubuhi na abiria akiwa amemkalia chui wangu, na nilikuwa nikicheka peke yangu.

Siku ya nne hakurudi chakula cha mchana. Jua lilipoanza kushuka mwenzake mmoja wa baiskeli alifika akitembea kwa miguu, akaongea na Mama akiwa bado nje ya ua. Wanajeshi walikuwa wanapekua hata mikate, alisema. Kijana mmoja wa jeshi akachoma mto wa Wandera kwa singe, na alipovuta, ukatoka mkia. Wakamtoa chui mzima wakamtandika barabarani. Wandera akaeleza habari ya mchezo wa kanisa. Mkubwa wao akamwuliza, "Nchi inaungua, na wewe unacheza ufalme? Mwenye nguo hii mmemficha wapi?" Wakampakia kwenye lori.

Mama alikaa chini mahali pale aliposimama. Aliniangalia mara moja, akageuza uso.

Zilipita siku kumi na moja. Mama alikwenda kizuizini kila asubuhi akakaa ukingoni mwa barabara, akimtazama kila aliyevuka. Usiku hakulala, alishona mashati ya Wandera ambayo hakuna aliyeyaagiza. Mimi nilipoteza njaa. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia vivyo hivyo. Nilikuwa na hakika kwamba nikisema, Mama atanifukuza, na nisiposema, Wandera atakufa, ingawa kusema kwangu kusingemfungua. Mzee Barasa alivuka na barua ya padri na daftari la mchezo. Mara ya kwanza alirudishwa. Mara ya pili walimsikiliza, wakamwambia angoje, na alipokuwa anangoja mtu akamtupia kitu akisema apeleke nyumbani. Ulikuwa mto, umepasuliwa na mtupu.

Mama aliupokea akaupeleka mlangoni kwenye mwanga. Aliutazama ule upande nilioushona upya mimi, si ule uliopasuliwa na singe. Aliutazama muda mrefu. Kisha akachukua wembe akafumua mshono wangu, tundu kwa tundu, akakusanya uzi wote kiganjani akautia motoni. Nilidhani anaokoa kitambaa, kwa maana Mama hakutupa kitu.

Wandera akarudi siku mbili baadaye, kwa miguu. Jicho moja lilikuwa limefumba. Mkono wa kulia aliushikilia kwa wa kushoto, na vidole vyake vilikuwa vimeelekea kila kimoja upande wake. Alikunywa uji wote kabla ya kusema neno.

"Baiskeli imebaki," akasema.

Mama akamwuliza chui aliingiaje kwenye mto.

"Niliweka mimi, Mama. Niliona ni kitu kizuri, nikaona hasara kukichoma."

"Kijana mjinga," Mama akamwambia, akamjazia kikombe tena. Hakuna aliyenitazama. Mimi nilishukuru Mungu kwa kumchanganya Wandera akili mpaka akadhani kosa ni lake. Ndivyo nilivyofikiri. Mtoto hutafuta mlango wowote ulio wazi.

Walimpeleka hospitali ya misheni ya Nangina, lakini vidole havikunyooka. Hakushika usukani tena. Nikaacha shule, nikakaa kwenye cherehani, na watu wakaanza kusema mtoto huyu ana mkono. Mimi nikawa nawaambia kwamba sikufundishwa na mtu, nimejitengeneza mwenyewe. Bado husema hivyo.

Mama alipokufa tulikuwa watu wazima. Wandera sasa ana wajukuu, na mashati yake yote namshonea mimi. Miaka michache iliyopita alikuja kuchukua shati jipya. Alilivaa, kisha akapitisha kidole gumba cha mkono ule mbaya ndani ya ukosi, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Hili hukuwapa vijana wako," akasema. "Umeshona mwenyewe. Mshono wako naujua tangu ule mto."

Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Nilibaki na futi ya kupimia shingoni. Kila asubuhi Wandera aliufunga mto ule kwenye baiskeli, na Mama ndiye aliyenishikisha sindano mkono ukiwa mdogo. Wandera alisema uongo ili Mama asijue. Mama alichoma uzi ili Wandera asijue. Na mimi niliyekuwa mjanja kuliko wote ndiye peke yangu katika nyumba ile niliyedhani ninaficha kitu.

Vijana walikuwa wanatazama. Wandera alisimama akinyoosha kidevu, akingoja, kwa sababu vifungo haviwezi mwenyewe. Nikamfunga kimoja, kingine, kingine, mpaka shingoni.