Simu Inayokubali Kidole cha Mkulima

Saa tatu asubuhi, upepo wa Mlima Hanang unatikisa turubai za mnada wa Katesh. Shamsia Muksini (52) ameshika simu kwa mkono mmoja. Kwa mwingine ameudaka mkono wa mteja, maana mteja huyo ameokota kokoto na anataka kuigonga simu asikie mlio wake.

"Mzee wangu, hili si jembe," anamwambia.

Mteja ni Hhando Tluway (71), mkulima wa Hirbadaw, na hana kosa. Zamani alinunua majembe kwa Mzee Muksini, baba yake Shamsia, aliyefundisha wateja kugonga chuma kwa kokoto: kikilia vizuri, lipa, kikikohoa, rudisha. Siku hizo mnunuzi alisalimia, akauliza mvua na ng'ombe, akanywa chai, ndipo akakumbuka alichofuata.

"Leo mtu anauliza kamera ngapi kabla hajanipa shikamoo," anasema Shamsia.

Mzee Hhando ameuza kondoo wawili. Binti yake Evelyne, muuguzi aliyepangiwa kazi Lindi, amejifungua, na kitochi, simu yake ndogo ya vitufe, hakionyeshi sura ya mjukuu.

Anachagua simu yenye kamera tatu, mgongo unang'aa kama shavu la bibi harusi. Anaigusa. Kimya. Vidole vimeota sugu, simu haivitambui. Ya pili na ya tatu nazo vilevile.

"Zinanidharau," anasema, na kuanza kufunga tena fedha kwenye pindo la shuka.

Shamsia angeweza kumwambia atazoea, amuuzie ile ya kwanza, abaki na faida ya shilingi 40,000. Anampa ya nne, nyeusi, haina mbwembwe. Faida yake 12,000.

"Baba alisema jembe huchaguliwa na mkono utakaolima. Kamera na chaji tutaongea baadaye. Kwanza ikubali kidole chako."

Inakubali. Shamsia anamrushia intaneti, na Evelyne anapokea: "Shikamoo, baba."

Mzee anasahau kuitika. Anaketi palepale chini, simu karibu na pua.

"Ana masikio ya marehemu bibi yake," anasema taratibu. "Yale yasiyosikia ushauri."

Shamsia anageuka, anapanga chaja ambazo zilikwisha kupangwa.

Baadaye anaeleza kuwa mpango wake wa mwaka huu si duka la vioo. Anataka kibanda chenye kivuli na viti viwili.

"Mtu akimwona mjukuu, magoti hayamsubiri," anasema. "Na si heshima mzee akutane na mjukuu wake amekalia mavi ya mbuzi."