Mwalimu Aurelia na Kipindi cha Pili

Siku Mwalimu Aurelia alipomtoa uwanjani shemeji yake mwenyewe, watu wa kijiji cha Mbuji walijua kwamba huyu mama akishika filimbi hana undugu. Ilikuwa mechi ya kata. Bartholomayo, mdogo wa mume wake, alimkwatua mshambuliaji kwa nyuma mbele ya goli, na Aurelia akamwonyesha kadi nyekundu. Bartholomayo alicheka, akidhani shemeji anatania. Alipoona kadi haishuki, akatoka huku akibwata kwa Kimatengo, na hakukanyaga nyumbani kwa kaka yake mpaka Krismasi. Ndugu walipomwendea Ignatio, mume wa Aurelia, ili amwonye mke wake, aliwajibu kwamba yeye ni mkulima wa kahawa, na mambo ya uwanjani wamuulize mwenye uwanja.

Nafundisha shule moja na Aurelia, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa watu. Kazi ya uamuzi wa mpira aliianza akiwa chuo cha ualimu, baada ya kusoma sekondari Kigonsera, ambako wasichana walipewa mpira wa pete tu, wa miguu ukawa wa wavulana. Alipomaliza kozi ya waamuzi alidhani atapangiwa mechi kama wenzake. Kwa miaka mingi alipangiwa kushika kibendera. Wanaume waliokuja kutazama mpira walimpigia kelele arudi jikoni, naye alikuwa akikimbia na mstari wake bila kugeuka. Hasira alikuwa nayo, tena nyingi, ila aliileta ofisini kila Jumatatu, akaimwaga kwetu pamoja na chai.

Basi, mwaka juzi, mwezi wa tisa, chuo kimoja kilichofunguliwa juu ya mji wa Mbinga kilifanya Wiki ya Chuo. Walialika watu wa wilaya zote mbili, wa milimani na wa ziwani. Palikuwa na ngoma, mihadhara, maonyesho ya picha za wanafunzi, na michezo kila jioni. Siku ya mwisho iliwekwa fainali ya mpira wa miguu wa wanawake, wanachuo dhidi ya timu ya mabinti wa Mbamba Bay. Mwamuzi wa kati alipangwa Aurelia. Alifua sare yake, akainyoosha kwa pasi ya mkaa, akaitundika ukutani kama nguo ya harusi. Mimi nilimsindikiza.

Asubuhi hiyo tulikaribishwa ukumbini kusikiliza mhadhara. Mzungumzaji alikuwa Dokta Urbani, mhadhiri wa chuo hicho hicho, kijana mwenye sauti nzuri, na mada yake ilikuwa nafasi ya mwanamke katika michezo. Alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema binti akinyimwa uwanja amenyimwa sehemu ya uraia wake. Alisema ratiba zetu ndizo zinazoonyesha tunamthamini nani. Ukumbi ulipiga makofi. Aurelia alisimama kabisa kupiga yake, na macho yake yalikuwa na machozi kidogo. Tulipotoka aliniambia, "Mwenzangu, leo kuna mtu amesema."

Mabinti wa Mbamba Bay walifika mchana, wamepanda nyuma ya fuso linaloteremka kila siku kuchukua dagaa wa usipa, wamejifunika kanga kwa baridi ya huku kwetu. Kiongozi wao alikuwa Mzee Abdulmajid, muuza nyavu na kamba pale bandarini, ambaye aliwanunulia jezi na kuwaombea ruhusa kwa wazazi nyumba kwa nyumba. Aurelia alimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Tumekuja kucheza, utuchezeshe kwa haki tu." Nahodha wao, Safina, binti mrefu mwenye mabega ya mpiga kasia, alikuwa tayari anaruka-ruka kupasha mwili.

Mpira ulianza, na ulikuwa mpira hasa. Wanachuo walikuwa na pasi fupi fupi za kufundishwa. Wa ziwani walikuwa na mbio. Safina alifunga kwa shuti la mbali lililomfanya kipa akae chini. Kabla ya mapumziko nahodha wa wanachuo, Lusia, msichana mfupi mwenye kichwa cha utulivu, alisawazisha. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya ukuta. Wacheza ngoma ya mganda waliokuja kutumbuiza waliacha mambo yao, wakasogeza ngoma kubwa pembeni mwa uwanja na kuigonga kila mpira ulipokaribia goli.

Wakati wa mapumziko, magari yaliingia getini. Mgeni rasmi alikuwa amefika, kachelewa tangu asubuhi. Hapo ndipo Bwana Salvatory, mratibu wa michezo wa chuo, alipomjia Aurelia mbio mbio, shati limelowa.

"Madam, tunakushukuru sana. Tutaishia hapo."

"Tutaishia wapi?"

"Mechi. Ni moja moja, matokeo mazuri, hakuna aliyeumia. Timu zitagawana kombe. Sasa uwanja tunauhitaji kwa bonanza, wahadhiri na maveterani wa mji. Mgeni rasmi anataka kuona mpira kabla hajaondoka."

Aurelia alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Mpira anaotaka kuuona si huu hapa?"

"Madam, unaelewa ninachosema."

"Sielewi. Kipindi cha pili hakijachezwa."

Wakati huo wanaume walikuwa wameshaanza kuingia uwanjani, matumbo yamebana jezi mpya, wanapiga mipira huku na huku katikati ya mabinti waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wanakunywa maji. Mmoja aliwaambia, "Haya, akina dada, tupisheni." Hivyo tu. Hata samahani haikuwepo. Mimi niliyekuwa mtazamaji nilisikia damu inanipanda, sembuse yule mwenye filimbi.

Kisha Aurelia akamwona Dokta Urbani. Alikuwa amekaa karibu na goli, glavu za kipa ziko mapajani, anafunga kamba za njumu. Aurelia alimwendea moja kwa moja, nami nikamfuata.

"Dokta, wewe ndiye uliyezungumza asubuhi. Waambie waondoke, mabinti wamalize."

Dokta Urbani alitabasamu kwa aibu kidogo. "Mwalimu, mimi nakuunga mkono kabisa. Ila hili la leo ni suala la ratiba tu."

"Ratiba," Aurelia alirudia. "Si ulisema ratiba ndiyo inayoonyesha tunamthamini nani?"

"Nilizungumza kwa ujumla."

Aurelia aligeuka, akautia mpira wa mechi kwapani, akaenda katikati ya uwanja na kuwaita manahodha wawili.

"Mimi sijamaliza mechi hii," aliwaambia. "Sijapuliza, na sitapuliza mpaka muda uishe. Ng'ambo ya barabara kuna uwanja wa shule ya msingi. Mnaocheza nifuateni."

Safina alishaanza kutembea kabla sentensi haijaisha. Lusia alibaki. Aliitazama meza kuu, akamtazama Bwana Salvatory, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sisi ni wanafunzi hapa. Wataniandikia barua."

"Najua, mwanangu. Sikulazimishi. Ukibaki sitakulaumu."

Lusia aliinama akavuta soksi zake, moja kisha nyingine, taratibu. Halafu akawageukia wenzake. "Mimi siwezi kwenda bwenini nikiwa sijui nani kashinda. Twendeni."

Wakatoka. Mabinti wa timu zote mbili, wamechanganyika, na Mzee Abdulmajid nyuma yao na ndoo ya maji. Mshika kibendera mmoja alikuja. Wa pili alibaki akiangalia viatu vyake, ikabidi nishike kibendera mimi, na sheria ya kuotea naijua nusu. Mshereheshaji alianza kuita kwenye kipaza sauti kwamba watazamaji watulie, burudani kubwa inaanza. Watu walitulia kidogo, kisha ukuta ukaanza kupungua. Walishuka wakavuka barabara. Wacheza mganda wakaikokota ngoma yao, wakaja nayo.

Uwanja wa shule ulikuwa mteremko, vumbi jekundu tupu, magoli ya miti ya mkaratusi yasiyo na nyavu. Mzee Abdulmajid alilitazama goli tupu akasema, "Ningejua, ningebeba za dukani." Watu wakacheka, na nadhani kicheko kile kilitusaidia sote. Aurelia akapuliza, kipindi cha pili kikaanza.

Ningependa kusema mabinti wa ziwani walishinda. Hawakushinda. Lusia alifunga tena karibu na mwisho, kwa kichwa, na yule mfupi jamani, sijui aliruka vipi. Safina alipiga ngumi chini, akalia waziwazi, kisha akaenda kumkumbatia. Aurelia alipuliza filimbi ya mwisho, akakaa palepale kwenye vumbi na sare yake iliyonyooshwa.

Tulidhani limeisha. Kumbe upande wa pili, mbele ya mgeni rasmi, kipaza sauti kilikuwa kimetangaza kwamba fainali ya wanawake imeahirishwa kutokana na hali ya hewa. Hali ya hewa, yaani mvua! Jua lilikuwa linawaka, mbingu haina hata wingu la kusingizia. Kombe lilibaki mezani, likarudishwa kabatini. Wanachuo walioshinda hawakulishika, na mabinti wa Mbamba Bay waliteremka usiku na fuso lao bila hata mtu wa chuo wa kuwaambia asanteni.

Baada ya hapo Aurelia aliitwa na kamati ya waamuzi. Wanaume watupu, wamejipanga nyuma ya meza. Walimwambia amewadhalilisha wenyeji na amehamisha mchezo bila idhini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Nionyesheni sheria," aliwaambia. "Ipo inayosema mechi inaisha mgeni rasmi akishuka kwenye gari? Kama ipo, nisomeeni, nitaomba radhi sasa hivi."

Hawakuwa nayo. Mwenyekiti alikohoa, akasema tatizo lake si sheria, tatizo ni nidhamu. Wakamfungia msimu mzima. Lusia naye alipewa barua ya onyo na uongozi wa chuo, akaiweka chini ya godoro na kuendelea na masomo. Na wahadhiri? Na mratibu? Na yule aliyetunga ile mvua? Hakuna aliyeulizwa kitu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ukidai haki yako kwa adabu wanakwambia subiri. Ukiichukua kwa miguu yako wanakwambia huna nidhamu.

Msimu ulipita. Mwaka uliofuata, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye chanja, Bwana Salvatory alipanda mwenyewe mpaka Mbuji, akatukuta nyumbani kwa Aurelia. Aurelia alimpa kiti na maji ya kunywa, maana mgeni ni mgeni. Ignatio aliendelea kugeuza kahawa, lakini nilimwona amesogea karibu ili asikie.

"Madam, tunaomba uje tena. Watu wanakuulizia. Mabinti wanakuulizia."

"Fainali yao mtaiweka saa ngapi?"

"Safari hii ndiyo itafunga siku. Baada yake hakuna kitu."

"Na mgeni rasmi akichelewa?"

"Atakuta inaendelea." Salvatory alizungusha kofia mikononi. "Ila wakubwa wameomba jambo moja. Uandike mistari miwili ya kuomba radhi kwa yale ya mwaka jana."

Aurelia alisimama. "Bwana Salvatory, mimi nilichezesha mpira. Walioondoa watoto uwanjani wakasingizia mvua ndio waandike. Wakimaliza, niletee nisome."

Salvatory alishuka na jibu hilo, na barua ya kuomba radhi haikuandikwa na upande wowote. Fainali ilichezeshwa na mwamuzi mwingine, mwanamume kutoka Songea. Iliwekwa mwisho wa siku kama walivyoahidi, ikachezwa yote, na wanaume wa bonanza walicheza saa ya jua kali mbele ya viti vitupu. Aurelia alikwenda. Alisimama nyuma ya goli na wanawake wauza karanga, akiwa na gauni lake la kawaida, na kila faulo iliyoachwa aliitamka kwa sauti. Safina alifunga mara mbili, Mzee Abdulmajid akacheza na fimbo yake pembeni mwa uwanja.

Filimbi ilipolia, Dokta Urbani alimwona, akaja amenyoosha mkono. "Mwalimu, umeona? Mambo yamebadilika."

Aurelia aliupokea mkono, maana hakulelewa kumwachia mtu mkono hewani. "Yamebadilika, Dokta," alisema. "Na mimi bado sijaonyeshwa sheria niliyovunja."

Kisha akafunga kanga yake vizuri kiunoni, tukaenda kutafuta bodaboda za kutupeleka Mbuji kabla giza halijaingia. Njia nzima alikuwa akilalamikia penalti ambayo yule mwamuzi wa Songea aliinyima timu ya Lusia.