Moshi wa Kumpa Mbuta Rangi

Mama alikufa akitafuta hewa katika chumba chenye hewa tele. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo wa ziwa ulikuwa ukisukuma pazia hadi kitandani.

Hata sasa nikipita Otonglo nikanusa samaki wa moshi, narudi kwenye jiko letu la utotoni. Kilikuwa kijumba cha udongo, na dirisha lake Mama alikuwa ameliziba kwa gunia. Nanyi mnaomla mbuta, sangara wa ziwa letu, mnajua: wateja humtaka mwenye rangi ya chai kavu, na rangi hiyo haiji moshi ukitawanyika. Jirani yetu, Mama Atieno, alikuwa akipita akicheka.

“Mama Ouma, hii nyumba yako inakohoa kukushinda!”

“Wacha ikohoe,” Mama alijibu, machozi yakimchuruzika. “Moshi ukitoka, rangi inatoka.”

Nilikuwa darasa la sita mwalimu alipofunua shavu la samaki aina ya ngege mbele yetu, akatuonyesha matamvua: nyuzi nyekundu, laini, zimepangana kama meno ya kitana. Ndani ya maji hutanuka, na hewa iliyomo majini hupenya ngozi yake nyembamba ikaingia kwenye damu. Nje ya maji hugandamana. Ndiyo sababu samaki hufa ufukweni, hewa imemzunguka pande zote.

Nilikimbia kumweleza Mama. Alikuwa amepiga magoti akigeuza samaki, mdogo wangu Achieng’ amelala mgongoni mwake.

“Mwalimu anawafundisha samaki?” alisema. “Si umlete hapa, nyathina, mwanangu, nimwonyeshe wengine.”

Alicheka mpaka kikohozi kikamkata kicheko. Nami nikaendelea kucheka.

Miaka mingi baadaye daktari alituambia kwamba mapafu nayo yana ngozi ya namna hiyo, imekunjwa katika vifuko vidogo visivyohesabika ili hewa ipate pengi pa kupitia. Vya Mama vilikuwa vimepasuka na kuungana, yakabaki mapango. Hewa aliivuta, pa kuingilia damuni ndipo palipokuwa pamepungua. Hapo nikatambua kwamba kile nilichokileta mbio kutoka shuleni kama kioja cha samaki kilikuwa habari yake mwenyewe.

Achieng’ sasa anaimba kwaya kanisani Manyatta. Jumapili iliyopita aliketi katikati ya wimbo, mkono kifuani, wenzake wakaendelea bila yeye. Amepigwa picha ya mapafu. Majibu bado.