Mashairi ya Twalibu Hayakuibwa

Zamda binti Yahaya alikuwa muuza vitumbua wa Gongoni, mjini Tabora, na ukitaka kumuudhi asubuhi ulikuwa na njia mbili tu: kumwambia vitumbua vyake vimepoa, au kumsema vibaya kaka yake. La kwanza alilijibu kwa maneno. Kwa la pili aliacha karai jikoni akakufuata.

Kaka yake alikuwa Twalibu, mshairi. Mji mzima ulimjua, na ulimjua vibaya. Alikunywa wanzuki, ile pombe ya asali, mpaka akalala mtaroni. Huzuni zake zikimshika alijifungia chumbani wiki nzima asiseme na mtu, na aliwahi kuwekwa mahabusu kwa kumtukana jumbe kwa beti, hadharani. Hayo yote ni kweli. Zamda ndiye aliyemfulia kanzu zenye matapishi, kwa hiyo asije mtu akamfundisha.

Twalibu alipofariki, miaka ile Mwingereza bado yuko bomani, watu wakaongeza la kwao: kwamba mashairi hayakuwa yake. Eti aliyakuta ndani ya mzigo wa mpagazi wa misafara aliyefia njiani kule Goweko, akayabeba, akajiita mshairi. Likasemwa sokoni, likasemwa kisimani, na kila aliyelisema alilisikia kwa mtu mwaminifu sana. Mimi nawajua hao watu waaminifu sana.

Zamda angelipuuza kama si hitima ya mwaka. Washairi wa mjini walikubaliana maisha ya mwenzao yaandikwe, yasomwe siku hiyo kabla ya mashairi yake, ili hata wajukuu waje wayasome. Kazi akapewa Kasimiri, fundi cherehani aliyehamia kutoka Puge baada ya mazishi, mtu mpole na mpenda mashairi. Alipomaliza akaenda kumsomea Zamda. Ulevi alikuwa ameuondoa kwa heshima ya marehemu, na mahabusu pia. Lakini mzigo wa Goweko alikuwa ameuacha, mbele yake akaweka neno "inasemekana".

Zamda akauliza inasemekana na nani. Kasimiri akasema na watu. Akaulizwa watu gani, na hapo fundi wa watu akarudi kwenye karatasi yake kutafuta jina.

Zamda alijua jambo lilikoanzia, maana alikuwapo. Siku ya mazishi Shaban, Mzigua, mtani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara, alivaa kanzu ya marehemu akayumba nayo uani kama mlevi. Kisha akalala chini mbele ya jeneza, akatangaza kwamba maiti huyu hatoki, ni mwizi, alimwibia mpagazi mzigo wa mashairi. Wafiwa wakacheka huku wanalia, na hiyo ndiyo kazi ya mtani. Tatizo ni kwamba maneno yalipotoka pale uani yalimwacha Shaban nyuma, yakafika sokoni peke yake.

Basi Zamda akamchukua Kasimiri mpaka kwa Shaban, aliyekuwa akigonga bati za kutengenezea koroboi. Akamwomba amweleze fundi kwamba yale yalikuwa utani. Shaban akakataa. Mtani haombwi maelezo, alisema; babu zake hawakuyatoa, na yeye hataanza leo kuvunja utani kwa ajili ya mtu wa Puge. Kasimiri aliona haya akataka kuaga. Zamda hakusogea.

"Sawa, mtani," akasema. "Basi nitanie na mimi. Huyu fundi hajawahi kusikia nikitaniwa."

Shaban akaweka nyundo chini.

"Huyu? Huyu ndiye aliyemshika mpagazi miguu kaka yake akifungua mzigo. Mashairi akamwachia kaka, yeye akachukua mchele. Vitumbua mnavyokula mjini hapa ni mchele wa yule mpagazi, na gunia bado halijaisha."

Kasimiri alicheka mpaka akashika ukuta. Zamda akamngoja amalize.

"Na hilo utaliandika, fundi? Maana sasa nalo linasemekana."

Kicheko kikakatika. Kasimiri akatoa penseli, akaufuta mzigo wa Goweko, akadhani wamemaliza. Zamda akamwambia bado. Aurudishe ulevi, na mahabusu, na zile wiki za kujifungia. Akimwandika Twalibu mtu safi asiyejua majonzi, watu watauliza nani basi aliyetunga yale mashairi ya majonzi, na watamrudia mpagazi.

Siku ya hitima Kasimiri alisoma yote. Alipofika pale pa kulala mtaroni wazee wakakohoa barazani, na fundi akasita. Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, shangazi mmoja akamnong'oneza Zamda: dada gani huyu anayemwacha kaka yake aaibishwe mbele za watu?

Zamda hakunong'ona. Alijibu kwa sauti iliyofika barazani.

"Ulevi ulikuwa wake, shangazi, na mashairi yalikuwa yake. Soma, fundi."